Gari la Misuli: Kabla ya Kulikimbiza, Jifunze Kulisimamisha

MTU anunuapo gari lililokwisha tumika hununua vitu viwili kwa pamoja: hununua gari, na hununua siri za yule aliyekuwa nalo kabla yake. Gari laweza kung'aa kwa rangi mpya na injini ikanguruma kwa sauti ya kupendeza, huku mipira ya breki imekwisha oza na maji ya rejeta yamejaa kutu. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jambo hilo ni kweli kwa kila gari, lakini ni kweli zaidi kwa aina moja ya magari ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli. Hayo ni magari ya watu wa kawaida, ya mabati ya kawaida, yaliyotiwa injini kubwa kupita umbo lao. Kijana anunuapo gari la namna hiyo, swali lake la kwanza kwa fundi si, "Je, gari hili ni zima?" Swali lake huwa, "Nianze na nini ili liende mbio zaidi?"

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo, ndugu msomaji, ingawa jibu lenyewe huenda lisiwe lile alitarajialo kijana.

Pengine wewe uliyeketi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa utauliza: mambo ya magari ya Marekani yanihusu nini? Yanakuhusu kwa njia mbili. Kwanza, wako ndugu na watoto wetu waishio huko, na mfanyakazi kijana apatapo mshahara wake wa kwanza katika nchi yenye barabara pana, gari la mbio ni miongoni mwa vishawishi vikubwa vimkabilivyo. Pili, kanuni utakazozisoma hapa hazichagui gari. Zinalihusu gari dogo kuukuu la mtaani kwako kama zinavyolihusu farasi wa Detroit.

ASILI YA MAGARI HAYA

Wengi hukubali kwamba enzi ya magari ya misuli ilianza na Pontiac GTO ya mwaka 1964. Wahandisi wa kampuni hiyo, John DeLorean akiwa mmoja wao, walichukua gari la ukubwa wa kati lililoitwa Tempest wakalitia injini ya inchi za ujazo 389, yaani zaidi ya lita sita. Kiwanda kilitangaza nguvu za farasi 325. Mwaka huo huo, tarehe 17 Aprili, kampuni ya Ford iliionyesha Mustang yake ya kwanza kwa umma katika Maonyesho ya Dunia mjini New York, na mashindano ya viwanda yakapamba moto. Kufikia mwaka 1970 Chevrolet ilikuwa ikiuza Chevelle yenye injini iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 450.

Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970 ilivibana viwanda kuhusu moshi, bima za vijana zikapanda, na mwaka 1973 nchi za Kiarabu zikazuia mafuta kwenda Marekani. Mustang mpya ya mwaka 1974 ilitolewa katika soko la huko bila injini ya silinda nane kabisa.

Hapa yafaa nikutahadharishe juu ya hesabu moja. Kabla ya mwaka 1972 viwanda vya Marekani vilipima nguvu za injini ikiwa uchi, bila ekzosi yake kamili wala vifaa vinavyoivuta. Tangu mwaka huo zikaanza kutangazwa nguvu za injini ikiwa imevaa vifaa vyake vyote. Basi msomaji asishangae kuona gari la mwaka 1987 lenye farasi 225 likichuana na gari la zamani lililojivunia farasi 325. Tarakimu hizo hazikupimwa kwa kibaba kimoja.

TUCHUKUE MFANO MMOJA

Ili tusizungumze hewani, na tuichukue Mustang iitwayo 5.0, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1987 na 1993. Gari hili ndilo lililowarudishia Wamarekani wa kipato cha kawaida mbio zao, na kwa miaka mingi limekuwa darasa la vijana wengi wajifunzao kushika spana. Injini yake ni ya silinda nane, ya inchi za ujazo 302. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 225. Uzito wake unakaribia tani moja na nusu.

Sasa litazame upande wa pili. Breki zake za mbele ni za diski, lakini za nyuma ni za ngoma. Kila gurudumu limefungwa kwa nati nne tu. Mfuko wa hewa wa kumkinga dereva haukuwekwa hadi toleo la mwaka 1990. Zaidi ya hayo, hata lile la mwisho kabisa kutoka kiwandani limekwisha pita miaka 30. Kila kilicho cha mpira ndani yake, kama hakikubadilishwa, kimezeeka.

Hilo ndilo gari ambalo kijana wetu ataka kuliongezea nguvu. Tumfuate hatua kwa hatua.

HATUA YA KWANZA: GARI LIWE ZIMA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Gari kuukuu lisilotunzwa huwa limepoteza sehemu ya nguvu lizokuwa nazo lilipotoka kiwandani. Mwenye gari hujiona anatafuta farasi wapya, kumbe farasi wake wa zamani wamefungwa zizini, naye hajawafungulia.

Aanze kwa kuipima injini mgandamizo, silinda moja baada ya nyingine. Kipimo hicho ni chepesi, na fundi yeyote mwenye geji aweza kukifanya. Silinda iliyo dhaifu kuliko zote isipungue robo tatu ya ile iliyo imara kuliko zote. Ikipungua zaidi ya hapo, fedha zote za mapambo na ziwekwe kando, kwa maana injini yenyewe inadai matengenezo. Kufunga vifaa vya mbio juu ya injini iliyochoka ni kumvisha mgonjwa viatu vya riadha.

Injini ikiwa salama, zibadilishwe plagi na waya zake, chujio la hewa, chujio la petroli, oili na chujio lake. Rejeta izibuliwe au ibadilishwe, pamoja na themostati, mkanda wa feni na mabomba yote ya maji. Joto ni adui mkubwa wa injini yenye nguvu, na kila nguvu itakayoongezwa baadaye itazaa joto jipya. Gari lisiloweza kutulia katika foleni ya magari siku ya jua kali halijawa tayari kuongezwa chochote.

HATUA YA PILI: BREKI

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya, nami namwomba msomaji anisikilize kwa makini.

Gari likienda hubeba nguvu ya mwendo, na ili lisimame ni lazima nguvu hiyo yote igeuzwe kuwa joto ndani ya breki. Wengi hudhani kwamba mwendo ukiongezeka kwa nusu, kazi ya breki nayo huongezeka kwa nusu. Sivyo. Nguvu hiyo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Gari liendalo maili 70 kwa saa halikuzidi sana, kwa macho, lile liendalo maili 50. Lakini breki zake zina kazi karibu mara mbili. Likifika maili 100 kwa saa, kazi hiyo ni mara nne ya ile ya maili 50. Mwendo ni deni, na mlipaji wa deni hilo ni breki peke yake.

Kwa hiyo fedha ya kwanza ya kweli na iende huko. Ianze kwa jambo dogo ambalo watu wengi hulisahau, nalo ni mafuta ya breki. Mafuta hayo huvuta unyevu wa hewani kidogo kidogo mwaka hata mwaka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla ya kufikia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa povu, na povu hubonyea. Dereva hukanyaga pedali ikazama hadi sakafuni, na gari lisisimame. Kuyamwaga mafuta ya zamani na kutia mapya, ya DOT 3 au DOT 4, ni kazi ya asubuhi moja, na gharama yake ni ndogo kuliko karibu kila kitu kiuzwacho kwa jina la kuongeza mbio.

Baada ya hapo zibadilishwe pedi, diski zilizolika, na mabomba ya mpira yapelekayo mafuta hayo kwenye magurudumu. Na kwa Mustang tunayoizungumzia iko njia nyingine iliyo maarufu. Mustang za mwaka 1994 hadi 2004 zilitoka kiwandani zikiwa na breki za diski magurudumu yote manne, na nati tano kila gurudumu. Mafundi wengi huvichukua vifaa hivyo kwenye magari yaliyokufa, wakavifunga kwenye gari hili la zamani kwa marekebisho machache. Namna hiyo gari hupata breki za mdogo wake aliyezaliwa baadaye, pasipo mwenye gari kununua kila kitu kipya dukani.

HATUA YA TATU: MATAIRI NA BODI

Breki husimamisha magurudumu. Kinachosimamisha gari ni matairi. Sehemu ya tairi inayogusa lami haizidi sana kiganja cha mtu mzima. Maisha ya watu wanne au watano garini yameshikiliwa na viganja vinne hivyo.

Hapa kuna elimu ambayo itamfaa kila msomaji, hata asiyewaza kuimiliki Mustang. Tairi huzeeka hata lisipotembea. Tazama ubavuni mwake utafute herufi DOT, kisha mwisho wa maandishi hayo uangalie tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, wala halifai kuwekwa barabarani hata kama meno yake yangali marefu. Viwanda kadhaa vya magari hushauri tairi libadilishwe lifikapo miaka sita. Auzaye tairi kuukuu hupenda kukuonyesha meno. Wewe mtake akuonyeshe tarehe.

Yakishapatikana matairi mazuri, zitazamwe shokapu, springi, na bushi zote za mpira. Kisha bodi lenyewe. Mustang hii haina chasisi nzito kama ya lori. Bodi ndilo chasisi, na fremu yake ya mbele haikuunganishwa moja kwa moja na ile ya nyuma. Injini ikivuta kwa nguvu, bodi hujinyonga, na kwa miaka mingi milango hulegea na mabati hupasuka. Dawa yake ni vyuma viwili virefu vinavyochomelewa chini ya sakafu, kimoja kila upande, kuiunganisha fremu ya mbele na ya nyuma. Kazi hiyo haionekani kwa jirani wala haina sauti ya kujivunia. Lakini waliokwisha ifanya husema gari hugeuka kuwa kitu kimoja mikononi mwa dereva, na magari yasiyo na paa la kudumu ndiyo yanayoihitaji zaidi.

HATUA YA NNE: NGUVU ISIYO YA GHARAMA KUBWA

Sasa, na sasa tu, kijana aweza kuuliza habari za mbio. Naye atafurahi kusikia kwamba nguvu ya kwanza haina bei. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi: na atoe butini maspika makubwa, vyuma na takataka zisizo na kazi. Kila kilo iliyopungua humwongezea mwendo, humsaidia kusimama, na humpunguzia petroli.

Ya pili ni taimingi. Kiwanda kiliiweka injini hii itoe cheche nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa. Wenye magari haya wengi huisogeza hadi nyuzi 14 hivi, kwa sharti la kutumia petroli ya daraja la juu. Gari huamka, na kazi yenyewe huhitaji taa ya taimingi na spana tu. Lakini sikio liwe macho. Injini ikipanda mlima ikatoa mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe, inagonga. Taimingi irudishwe mara moja, kabla pistoni hazijatoboka.

Ya tatu ni gia za difu. Mustang nyingi za aina hii zilitoka na uwiano wa 2.73, maana yake shafti huzunguka mara 2.73 ili gurudumu lizunguke mara moja. Fundi akiweka gia za uwiano wa 3.55, msukumo unaofika kwenye magurudumu huongezeka kwa asilimia 30 katika kila gia, na injini haikuguswa hata kwa bisibisi. Gharama yake ipo, nayo ni kwamba injini itazunguka haraka zaidi kwa mwendo ule ule, na safari ndefu zitakula petroli zaidi. Aidha kijigia cha spidomita ni lazima kibadilishwe, la sivyo dashibodi itamdanganya dereva.

Vipi kuhusu ekzosi, kitu ambacho vijana wengi hukikimbilia kwanza? Ekzosi nzuri husaidia kwa kiasi, hasa ikiandamana na kazi nyingine. Lakini ikiwekwa peke yake huleta kelele nyingi na mwendo mchache. Debe tupu haliachi kuvuma.

TAMAA YA FARASI 500

Atakuja mtu, aghalabu ni rafiki, atamwambia kijana wetu kwamba hayo yote ni kupoteza muda. Afunge supachaja, aongeze shindilio la hewa, farasi wazaliwe kwa mamia siku moja. Ni kweli watazaliwa. Swali ni nani atakayewafunga hatamu.

Giaboksi ya gari hili, iitwayo T-5, iliundwa kwa nguvu za kadiri, na wengi wameisaga kwa kuitwika mzigo usio wake. Hata bloku ya injini ina mpaka. Mafundi waijuao huonya kwamba nguvu zikikaribia farasi 500 yaweza kupasuka katikati, na injini nzima ikawa skrepa. Hivyo aliyeanza na supachaja hujikuta akinunua klachi, kisha giaboksi, kisha shafti za ekseli, kisha injini. Huku nyuma breki zikingali zile zile za ngoma.

SHERIA, BIMA NA MFUKO

Yako mambo matatu yasiyofungwa kwa spana. La kwanza ni sheria. Marekani inakataza kuviondoa au kuviharibu vifaa vya kusafishia moshi. Katika sehemu kubwa ya jimbo la California gari la umri huu hupimwa moshi kila baada ya miaka miwili, na kifaa kipya kinachogusa mambo ya moshi ni lazima kiwe na namba ya idhini ya serikali ya jimbo. Kijana aulize namba hiyo kabla ya kulipa.

La pili ni bima. Kampuni ielezwe kila badiliko kubwa. Gari likipata ajali na kampuni ikagundua kwamba ilifichwa, yaweza kukataa kulipa, na hasara yote ikaangukia nyumba.

La tatu ni mfuko. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mume na mke, au kijana na wazazi wake, na wakae pamoja waandike ni kiasi gani cha fedha kitakwenda kwenye gari kwa mwaka, baada ya kodi ya nyumba, karo na akiba ya maradhi. Kiasi hicho kisivukwe. Mpangilio tuliouonyesha hapa una faida hiyo pia: kila hatua hukamilika peke yake, na mwenye gari aweza kupumzika miezi mitatu au mwaka kabla ya hatua ifuatayo, huku gari lake likiendelea kumpeleka kazini.

Na akishamaliza, asiende kujaribu mbio zake mtaani. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha NHRA kwa nia ya kuyatoa mashindano barabarani na kuyapeleka viwanjani. Hadi leo vipo viwanja vingi huko Marekani ambako raia wa kawaida hulipa kiingilio, gari lake likakaguliwa, akakimbia robo maili mbele ya waangalizi na gari la wagonjwa likiwa karibu. Huko atajua ukweli wa gari lake kwa sekunde zilizoandikwa, bila kumtia mtoto wa mtu hatarini.

Basi, ndugu msomaji, kama unaye mwanao, mdogo wako au rafiki anayekuandikia kuwa amepata gari la misuli, usimkataze furaha yake, kwani kujifunza kazi ya mikono katika gari lako mwenyewe ni elimu isiyoharibika. Muulize maswali matatu tu: mafuta ya breki yalibadilishwa lini, matairi ni ya mwaka gani, na mkanda wa kiti cha nyuma unafunga? Akikujibu yote bila kusita, mwache aulize habari za farasi. Na ukishamaliza kumwuliza yeye, toka nje ukaliulize gari lako mwenyewe.